Bomba la Moshi Kwanza, Mzinga Baadaye: Vifaa vya Nyuki Kutoka Skrepa ya Mwanza

Wengi wanaoingia kwenye ufugaji nyuki huanzia kwenye mzinga. Mtu hununua mizinga mitano, au hupewa na mradi, akaitundika kwenye miembe ya shambani au kwenye ngitili ya ukoo, yaani eneo la malisho lililotengwa. Nyuki huingia wenyewe. Miezi inapita, asali inaiva, na hapo ndipo inagundulika kwamba hakuna wa kuisogelea: hakuna bomba la moshi, hakuna vazi, hakuna hata patasi ya kubandulia mfuniko. Anaitwa kijana jasiri na kienge cha nyasi, usiku wa manane. Sega linatoka na majivu, majana yanaungua, kundi lililobaki linahama, na kama upepo wa ziwa umeamka, ngitili nayo inashika moto.

Mwongozo huu umepangwa kinyume cha desturi hiyo. Kwanza bomba, kisha vazi, kisha patasi, na mzinga mwishoni. Karibu kila kitu utakitoa kwenye vitu ambavyo Mwanza inavitupa au kuviuza kwa kilo: makopo ya maziwa ya unga, tyubu za pikipiki, springi za makochi na za magari, paleti, vioo vilivyopasuka, ndoo za mafuta ya kula. Mafundi pia wapo. Eneo la Makoroboi, katikati ya jiji, lilipata jina lake kwa mafundi bati waliokuwa wakigeuza makopo kuwa taa za mafuta ya taa, na fundi anayeweza kutengeneza koroboi ana zaidi ya nusu ya ujuzi unaohitajika hapa.

Lakini kabla hujanyanyua nyundo, kila chakavu utakachoshika kiulize swali moja: kilibeba nini kabla? Nta ni mafuta, na mafuta hunywa kemikali na kuzihifadhi. Chupa au dumu lililobeba dawa ya kunyunyizia pamba halioshwi likasafika, hata ukilichemsha. Kwimba, Magu na Misungwi ni nchi ya pamba, na vyombo vya viuatilifu vimezagaa mashambani na majumbani. Usivitumie kwa lolote linalogusa nyuki, iwe ni chombo cha kuwawekea maji ya kunywa au kifuniko cha mzinga. Ndoo ya rangi ya nyumba isiingie kwenye asali. Pipa lililobeba usilolijua liache kwa mwenye nalo, hata akikupunguzia bei.

Bomba la moshi

Nyuki wa huku bara, ambao wataalamu huwaita Apis mellifera scutellata, ni wachapakazi na ni wakali. Ndio waliopelekwa Brazil mwaka 1956, wakatoroka mwaka uliofuata, wakaenea sehemu kubwa ya bara la Amerika hadi Marekani, ambako magazeti yaliwapa jina la nyuki wauaji. Huwezi kufanya nao kazi kwa ujasiri peke yake. Moshi unafanya mambo mawili: unafunika harufu ya tahadhari ambayo nyuki walinzi huitoa ili kuwaita wenzao, na unawafanya walio ndani wakimbilie kujaza matumbo asali kana kwamba wanajiandaa kuhama. Nyuki aliyeshiba hana hamu kubwa ya kuuma. Harufu hiyo ya tahadhari inafanana na ya ndizi mbivu, kwa hiyo usiende manzukini, yaani mahali ilipo mizinga, ukiwa umetoka kula ndizi. Wasomaji wa Bukoba mnivumilie.

Bomba lenye mvukuto ubavuni lilitengenezwa na mfugaji Mmarekani, Moses Quinby wa New York, katika miaka ya 1870. Tangu hapo umbo lake halijabadilika sana, na hakuna siri yoyote ya kiwandani ndani yake. Lina chungu cha moto, mfuniko wenye mdomo, na mvukuto.

Chungu ni kopo refu kuliko lilivyo pana: kipenyo cha sentimita 10 hadi 13, kimo sentimita 18 hadi 20. Kopo kubwa la maziwa ya unga linafaa vizuri. Likiwa fupi, kata makopo mawili na kuyaingiza moja ndani ya jingine. Hapa mweleze fundi wako jambo moja asilolizoea. Kwenye koroboi yeye hulehemu kwa risasi, na koroboi haipati moto mwilini. Bomba linapata. Risasi ya kulehemia huyeyuka kabla ya nyuzi joto 250, na makaa yaliyopulizwa hupita hapo mbali sana, kwa hiyo bomba lililolehemiwa hufunguka siku ya kwanza ya kazi, mikononi mwako, mbele ya mzinga ulio wazi. Maungio yote yawe ya kukunja pindo na kupiga ribiti. Kama hakuna ribiti, msumari mfupi uliokatwa na kupondwa pande zote mbili unatosha. Kama bati lina rangi au zinki, lichome kwanza mahali pa wazi hadi rangi iishe, nawe ukae upande unakotoka upepo, maana moshi wa zinki humpa mtu homa.

Toboa tundu la upana wa sentimita 2 ubavuni mwa kopo, chini kabisa, karibu sentimita 2 kutoka kitakoni. Ndani weka chekecheke: mfuniko wa kopo jingine uliotobolewa matundu mengi kwa msumari, umekunjwa miguu mitatu ili ukae sentimita 3 juu ya kitako. Hewa iingie chini ya moto, si katikati yake. Bomba lisilo na chekecheke huzimika kila baada ya dakika chache, na mtu hulaumu bure kinyesi cha ng'ombe alichokiwasha ndani yake.

Mfuniko unakatwa kwenye bati jingine na kukunjwa kuwa pia yenye mdomo wa sentimita 2, iliyoinama kidogo mbele ili uelekeze moshi bila kulilaza bomba. Uvae kwa nje ya kopo, usiingie ndani. Moshi huacha lami nyeusi inayogandisha mfuniko wa ndani usifunguke tena. Bawaba inaweza kuwa kipande cha bati na msumari.

Sasa mvukuto. Kata vibao viwili vyembamba, sentimita 12 kwa 18. Katikati yao, upande wa juu, weka springi iliyotolewa kwenye kochi au godoro la zamani, ili mvukuto ufunguke wenyewe unapoachia mkono. Tyubu ya pikipiki ikipasuliwa hutoa ukanda wa upana unaotosha. Uzungushe kwenye kingo za vibao vyote viwili, pembeni chini uwe mwembamba na juu uwe mpana, kisha upigilie misumari midogo. Chini ya vichwa vya misumari weka kwanza ukanda mwembamba wa bati, la sivyo mpira utachanika msumari mmoja hadi mwingine. Kibao kinachotazama kopo kitobolewe tundu moja la upana wa sentimita 1 hivi, chini, likabiliane sawasawa na tundu la kopo.

Wengi hukosea hapa kwa sababu jambo lenyewe linaonekana kama kasoro. Tundu la mvukuto na tundu la kopo hayagusani. Acha nafasi ya milimita 6 hadi 10 kati yake, usiweke bomba la kuunganisha, usizibe. Mvukuto unapofunguka huvuta hewa safi kupitia nafasi hiyo; unapobanwa, hewa huruka na kuingia kwenye kopo. Ukiyaunganisha, mvukuto utavuta moshi na cheche, na tyubu itaungua kabla hujamaliza mzinga wa kwanza. Funga mvukuto kwenye kopo kwa vipande viwili vya bati, na kuzunguka kopo weka kizimba cha spoki za baiskeli au bainding waya ili usijiunguze mkono. Kulabu moja mbele itakuwezesha kulitundika bomba kwenye ubavu wa mzinga mikono yako ikiwa kazini.

Chakula cha bomba ni kinyesi kikavu cha ng'ombe, ambacho Usukumani hakuna anayekikosa. Magunzi yaliyovunjwa na vipande vya gunia la katani navyo ni vizuri. Salfeti, matambara yenye mafuta ya gari na randa za mbao zilizotiwa dawa havifai kabisa. Washa kutoka chini, vukuta hadi uone mwali, ndipo ujaze na kushindilia kiasi. Juu kabisa weka konzi ya majani mabichi. Jipulizie nyuma ya kiganja: moshi uwe mweupe, mzito na wa baridi. Moshi unaokuunguza utawaudhi nyuki badala ya kuwatuliza.

Vazi, na kitu kimoja cha kununua kipya

Kila mtu hapa ana chandarua chakavu, na kila mtu hufikiri kwamba ndicho wavu wa uso. Vyandarua vinavyogawiwa dhidi ya malaria vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na nyuki ni mdudu. Katika baadhi ya vyandarua hivyo dawa imo ndani ya uzi wenyewe, si juu yake tu, kwa hiyo kuviosha hakusaidii. Chandarua kisivaliwe usoni manzukini, na kisichujie asali kamwe. Wavu wa dagaa nao haufai, maana macho yake, ingawa yanaonekana madogo, nyuki anapenya bila kukunja mbawa. Nunua kipande kipya cha wavu mweusi wa dirishani. Uwe mweusi kwa sababu wavu mweupe unarudisha mwanga machoni na hutaona mayai wala malkia. Hapa usibane pesa, kwa sababu uso ndio unaowafanya watu waache ufugaji nyuki baada ya siku moja.

Wavu huo ushonee kwenye kofia ya ukindu yenye ukingo mpana. Chini, usawa wa mabega, pitisha pete ya waya unaotolewa kwenye ukingo wa tairi lililochomwa. Unasimama imara na haukunjiki. Kazi ya ukingo na pete ni kuuweka wavu mbali na pua na masikio, maana ukigusa ngozi, mwiba unapita.

Vazi la mwili litoke kwenye mitumba. Kwenye soko la Mlango Mmoja utapata ovaroli na makoti ya hospitali kwa bei ya kuzungumzika. Chagua rangi nyeupe au ya maziwa. Rangi nyeusi na kitambaa chenye manyoya huwakumbusha nyuki adui mwenye manyoya, na watakivamia. Ovaroli iwe kubwa kuliko mwili wako, na ndani vaa nguo nyingine nzito. Kinachokukinga ni ile nafasi kati ya nguo na ngozi, kwa sababu mwiba wa nyuki ni mfupi. Wapo wanaoshona vazi zima kwa salfeti za sukari au mchele. Miiba haipiti kirahisi, lakini jua la saa tisa ndani ya salfeti ni adhabu; afadhali ushonee kipande cha salfeti kifuani na mabegani tu, baina ya tabaka mbili za pamba. Zipu itoe kwenye begi bovu. Kwenye vifundo vya mikono na vya miguu funga pete pana zilizokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, suruali ikiwa juu ya buti, si ndani yake. Glovu za mpira za jikoni zinafaa ukizishonea mkono mrefu wa soksi.

Fua vazi kila baada ya kazi. Mwiba uliobaki kwenye kitambaa unaendelea kunuka tahadhari, na safari ijayo utaumwa palepale. Ukiumwa, ukwangue mwiba upesi kwa kucha. Mtu anayevimba mwili mzima au kubanwa pumzi baada ya kuumwa apelekwe hospitali mara moja, na asirudi manzukini hata ukimpa vazi la chuma.

Patasi na brashi

Patasi ni kazi ya nusu saa kwa mhunzi yeyote. Mpe kipande cha springi bapa ya gari au tupa iliyoisha meno, urefu wa sentimita 25. Ncha moja ipondwe na kunolewa iwe kama tindo pana, nyingine ikunjwe pembe mraba. Kanda hii haijawahi kukosa wafua chuma: Warongo wa upande wa Geita na Biharamulo waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa Usukumani karne ya 19. Ipake patasi rangi nyekundu, maana ukiiangusha kwenye majani hutaiona tena. Brashi ni manyoya ya bawa la kuku au shada la majani mabichi, na yatupwe kila siku.

Sasa mzinga

Mzinga wa gogo na wa magome una heshima yake, lakini ule wa magome huua mti mzima, na kwenye ufukwe wa ziwa miti imebaki michache. Kwa mbao za chakavu ninakushauri utengeneze mzinga wa viunzi vya juu, ule uliotengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ushirikiano na Wakanada. Ni sanduku lenye umbo la hori: juu pana kama sentimita 44, chini kama 19, kina karibu 30, urefu wa ndani karibu 90. Vipimo hivyo vikipotoka sentimita mbili au tatu nyuki hawatakushtaki.

Kipimo kimoja tu hakina msamaha, nacho ni upana wa viunzi, yaani vile vipande vya mbao vinavyolazwa juu, ambavyo nyuki hushusha masega yao chini yake. Viwe milimita 32. Huo ndio umbali ambao nyuki wetu hujiwekea kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine. Nyuki wa Ulaya ni wakubwa kidogo na hutaka karibu 35, kwa hiyo usinakili vipimo kutoka kwao. Kiunzi kikiwa kipana mno, nyuki hujenga sega la ziada au hulivusha hadi kiunzi cha jirani, na mzinga wako wa kisasa unakuwa gogo lenye mfuniko. Usimwamini fundi anayekuambia milimita mbili si kitu. Panga viunzi kumi, vibane pamoja, pima kwa futi: lazima viwe sentimita 32. Viunzi 28 vinaujaza mzinga. Urefu wa kila kimoja ni sentimita 48 hivi, na chini yake katikati chora mfereji mwembamba, umimine nta iliyoyeyuka ili nyuki wajue pa kuanzia na wafuate mstari.

Mbao za paleti zinatosha kuta na viunzi, lakini rudi kwenye swali letu. Paleti zinazopita mipaka ya nchi hupigwa muhuri: HT maana yake mbao ilitibiwa kwa joto, MB maana yake ilifukizwa kwa gesi ya methyl bromide. Chukua ya HT. Mbao za mitumbwi iliyozeeka ni ngumu na hazioziki upesi, ila zimeshiba rangi na lami, kwa hiyo zitumie kwenye miguu na paa, si ndani. Paa liwe bati kuukuu juu ya majani makavu, kwa sababu bati peke yake mchana linalainisha masega hadi yakakatika.

Pipa la plastiki la lita 200 likipasuliwa kwa urefu linatoa miili miwili ya mizinga kwa dakika chache, na wapo wanaolisifu sana. Mimi naliweka nafasi ya pili. Likikaa juani linachemka, likikaa kwenye baridi ya masika linatoa jasho ndani. Kama ndilo ulilo nalo, na kama lilibeba chakula, liweke chini ya kivuli kizito.

Mlango uwe mianya michache yenye kimo cha milimita 8, nyuki apite na panya asipite. Rangi pake nje tu. Tundika mzinga kwa waya usawa wa kiuno kati ya nguzo au miti miwili, mbali na shina, ili nyegere asipate pa kusimama, na waya uupake grisi kwa ajili ya siafu na chungu. Mzinga wa miguu uikanyagishe kwenye makopo yenye oili chafu, uyafunike kwa juu nyuki wasizame, na ukate nyasi zote zinazougusa. Unyasi mmoja tu ni daraja la siafu, na siafu humaliza kundi kwa usiku mmoja.

Kumwita nyuki ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Paka nta kuukuu ndani ya mzinga na usugue majani ya mchaichai kwenye kuta na mlangoni. Harufu yake inakaribiana na ile ambayo nyuki huitoa wanapoitana nyumbani. Fanya hivyo maua yanapoanza kuchanua kwa mvua, na kama unaweza, weka kisanduku kidogo cha mtego mtini, mita tatu juu, kisha uhamishie kundi mzingani jioni.

Manzuki yako iwe mbali na nyumba, shule na njia ya mifugo kwenda kunywa maji ziwani. Ng'ombe aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia. Pita kwanza kwa afisa ufugaji nyuki wa halmashauri yako. Ufugaji huu unaongozwa na Sheria Namba 15 ya mwaka 2002, na yeye anajua pia nani jirani yako anapuliza dawa ya pamba na wakati gani.

Asali na nta

Rina asali jioni, na chukua sega lililofungwa vifuniko kwa angalau theluthi mbili. Lililo wazi lina maji mengi. Viwango vya kimataifa vinataka maji yasizidi asilimia 20, na hewa ya ziwani ina unyevu ambao asali iliyoachwa wazi huunywa usiku kucha.

Vyombo vya asali ni eneo la pili ambalo si kila skrepa ina nafasi. Asali ina asidi. Inakula zinki na chuma, na kile inachokula kinaingia ndani yake. Ndoo ya mabati, pipa lenye kutu na sinia la shaba vikae mbali. Ndoo za plastiki zilizobeba mafuta ya kula, zikioshwa kwa maji ya moto na sabuni hadi harufu iishe, zinafaa. Chukua mbili: ya juu itoboe kitako matundu madogo, tandika ndani kitambaa cheupe kipya cha pamba, weka masega yaliyopondwa, na iketi juu ya mwenzake. Iweke chumba chenye joto, ifunike, iache ichuruzike. Ukifikisha mizinga kumi na zaidi, fundi wa kuchomelea anaweza kukuundia kikamulio kwa fremu ya chuma na jeki ya gari. Chagua jeki ya skrubu, maana ya mafuta ikivuja juu ya asali umepoteza vyote.

Masega yaliyokamuliwa usiyatupe. Ukikadiria, mzinga wa viunzi vya juu unatoa karibu kilo moja ya nta kwa kila kilo kumi za asali, nawe unaihitaji kwa viunzi vipya. Wanaotupa nta kisha wakalalamika kwamba nyuki hawaingii mizinga yao ni wengi mno.

Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, na jua la Mwanza linafika huko bila kuni. Tengeneza sanduku la mbao la kina cha sentimita 20 hivi, ndani tandika bati lililopakwa masizi, mbele yake weka kibakuli chenye maji kidogo, na juu lifunike kwa kioo cha dirisha kuukuu kisichoacha mwanya. Vitabu vya Ulaya vitakuambia ulisimamishe sanduku kwa pembe kali. Huko jua liko chini. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, jua linapita utosini, kwa hiyo sanduku linalazwa karibu flati, likiinama kidogo tu ili nta ichuruzike kuelekea kibakulini.

Masega meusi ya majana hayayeyuki vizuri juani, yamejaa maganda. Yafunge kwenye mfuko wa pamba pamoja na jiwe, yazamishe kwenye sufuria ya alumini yenye maji ya moto, na nta itaelea. Ikipoa unaitoa kama sahani. Sufuria ya chuma itaipa weusi. Na usiweke nta peke yake juu ya moto, kwa sababu ikipata joto kupita kiasi inawaka, na maji hayauzimi moto huo.

Asali ikishatulia siku mbili tatu, engua povu, ijaze vyombo safi, ifunge. Ukitaka kuiuza dukani yenye lebo, SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, husaidia wajasiriamali wadogo kufuata taratibu za ubora. Ukiuza kwa jumla, kumbuka asali ni nzito kuliko maji: ndoo ya lita 20 iliyojaa ina karibu kilo 28. Mnunuzi akikuhesabia kilo 20 kwa ndoo, mwambie alete mizani.